Banda la magari katika nyumba za mteremko: tupime ardhi, maji na haki ya jirani

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Kilakala, Morogoro

Katika mapokezi aliyoyanukuu Ibn Hibban, Mtume Muhammad (S.A.W.) ametaja mambo manne kuwa ni miongoni mwa furaha ya mtu hapa duniani: mke mwema, makazi yenye nafasi, jirani mwema na kipando kizuri. Mwenye kukusudia kujenga banda la magari katika ua wa nyumba yake anayagusa yote manne kwa wakati mmoja. Kipando anakitafutia hifadhi. Makazi anayapunguzia au kuyaongezea nafasi. Ua anaouchukua ndimo mkewe anamoanika nguo, anamotwanga na kupikia siku za shughuli. Na ukuta wa banda, mara nyingi, unasimama mpakani mwa jirani.

Sisi tuishio Kilakala tuna sababu ya ziada ya kulitafakari jambo hili kabla ya kuita fundi. Kata yetu imekaa miguuni mwa milima ya Uluguru. Nyumba zimepangana kama ngazi, ya juu ikichungulia paa la ya chini, na maji yote ya mvua yanayoanguka juu yetu hayana budi kupita kwetu yakielekea mjini. Zamani si nyingi, ua wa nyumba ya kawaida ulihitaji pembe ya kuegemeza baiskeli. Leo si ajabu kukuta chini ya paa moja gari dogo la mzee, bajaji ya kijana wa kwanza, pikipiki ya wa pili, na wakati mwingine Noah ya mkwe iliyoletwa kulala kwa kuwa kwake hakuna geti. Riziki ya watu wanne imeegeshwa katika ua uliokusudiwa kuku na kamba ya nguo.

Tunatumia neno banda la magari kwa makusudi, kwa kuwa neno gereji katika mji wetu limekwisha kuwa la mafundi. Tunalolizungumzia hapa ni mahali pa kulaza vyombo vya moto nyumbani, viwili au zaidi, pasipo kuhatarisha watu wanaolala karibu navyo.

Nani hutoka kwanza?

Familia nyingi huanza kwa kuuliza banda litagharimu kiasi gani. Lenye kutangulia ni jingine: ni chombo gani hutoka kwanza asubuhi, na kipi hurudi mwisho usiku? Dereva wa bodaboda hutoka kabla ya adhana ya alfajiri kuwahi abiria wa mabasi. Bajaji hufuata baada ya swala, kwa ajili ya wanafunzi. Gari la mzee laweza kukaa hadi saa tatu, au lisitoke kabisa siku hiyo. Banda likijengwa jembamba na refu, magari yakaingia moja nyuma ya jingine, basi anayelala ndani kabisa atamwamsha kila siku anayelala mlangoni. Ugomvi wa ndugu kuhusu nani asogeze gari saa kumi na moja alfajiri unaonekana mdogo, lakini ukijirudia mwaka mzima huacha kovu.

Palipo na nafasi, vyombo vilale ubavu kwa ubavu, kila kimoja na njia yake ya kutoka. Pasipo na nafasi, cha kutoka mapema kilale karibu na geti, na kisichotoka kila siku kilale ndani. Utaratibu huu ukubaliwe kabla ya msingi kuchimbwa, kwa kuwa ndio utakaoamua umbo la banda. Na mama wa nyumba awepo katika kikao hicho. Yeye ndiye ajuaye jua la kuanikia linapiga wapi, moshi wa jiko unaelekea wapi, na watoto wanachezea upande gani.

Vipimo visivyodanganya

Gari dogo la aina ya Toyota IST lina urefu wa takribani mita 3.9 na upana wa mita 1.7 pasipo kuhesabu vioo vya pembeni. Noah ina urefu wa takribani mita 4.6, na kimo chake kinakaribia mita 1.9. Bajaji ina urefu wa mita 2.6 na upana wa mita 1.3. Pikipiki ya kawaida inahitaji urefu wa mita 2 na upana wa chini kidogo ya mita 1. Lakini gari haliegeshwi kama kitabu kabatini. Lazima milango ifunguke, mtu mzima mwenye mtoto mkononi ashuke, na fundi aweze kupita na spana.

Kwa hiyo gari moja lipewe upana wa mita 3 na urefu wa mita 5.5 hadi 6. Magari mawili ubavu kwa ubavu yapewe mita 6 kwa 6. Ukiongeza bajaji moja, ongeza upana wa mita 2. Pikipiki mbili zinaweza kulala mbele ya gari dogo au pembeni, zikipewa mita 2 kwa 2. Mlango wa gari moja usipungue mita 2.7 kwa upana, na chini ya boriti ya mbele pabaki wazi mita 2.5 au zaidi, hasa kwa mwenye Noah yenye keria juu. Nguzo ya katikati, inayopendwa na mafundi kwa kuwa inapunguza gharama ya boriti, ndiyo inayokwaruza milango. Kama haikwepeki, isogezwe nyuma, mbali na mahali mlango wa gari unapofungukia.

Kinachosahauliwa zaidi ni nafasi ya kugeuzia. Gari dogo linahitaji nusu kipenyo cha takribani mita 5 ili kukata kona. Banda likitazamana na ukuta ulio umbali wa mita 4, dereva atakwenda mbele na nyuma mara tano kila siku, na siku moja atagonga ukuta. Mbele ya mlango zibaki mita 6 au 7.

Kuna njia rahisi ya kuthibitisha haya yote bila kulipa chochote. Chora banda zima juu ya ardhi kwa chokaa au majivu, nguzo uziwakilishe kwa ndoo zilizopinduliwa, kisha vyombo vyote viingie na kutoka kwa mpangilio wa kila siku. Fungua milango. Mpe dereva asiye mzoefu naye ajaribu. Mstari wa chokaa hufutika kwa ufagio, lakini ukuta ukishasimama hauondoki kwa wepesi huo.

Kuukata mlima

Uwanja wa tambarare Kilakala ni nadra, hivyo mwenye kujenga banda hukata mlima upande wa juu na kujaza udongo upande wa chini. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na hapa ndipo watu wengi hubana matumizi.

Kuukata mteremko wa Uluguru halijawahi kuwa jambo dogo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milima hii kuchimba matuta ya ngazi, na upinzani wao mwaka 1955 umeingia katika historia ya nchi. Zipo sababu nyingi zilizowafanya wakatae, mojawapo ikiwa ni elimu yao ya udongo: walijua kwamba tabaka la juu ni jembamba, na kwamba anayelifukua hupata udongo wa chini usio na faida. Sisi tunaokata mlima kwa ajili ya magari tunaukuta udongo uleule. Ukiwa mkavu unasimama wima kama ukuta, na fundi asiye mwangalifu hudhani hauhitaji kuzuiwa. Ukinywa maji ya masika hulainika, ukawa mzito, ukashuka.

Nchi yetu ina kumbukumbu ya karibuni ya kile ambacho mlima unaweza kufanya. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh, mkoani Manyara, na watu zaidi ya 80 walifariki dunia. Hatusemi kwamba banda la gari huleta balaa la ukubwa huo. Tunasema kwamba anayeishi chini ya mlima hana haki ya kuuchukulia udongo na maji kuwa mambo ya kawaida.

Palipokatwa pazuiwe kwa ukuta wa mawe. Ukuta wenye kimo cha mita 1 uwe na kitako kipana cha sentimita 50 hadi 70, ukipungua kadiri unavyopanda, na uegemee kidogo upande wa mlima. Nyuma yake pajazwe kokoto badala ya udongo mtupu, na ukutani yaachwe matundu ya kutolea maji kila baada ya mita 1 au zaidi kidogo. Ukuta usio na matundu hubeba uzito wa udongo pamoja na uzito wa maji yaliyonaswa nyuma yake, na mara nyingi maji ndiyo huuangusha. Kimo kikizidi mita 1.5, kazi hiyo imemzidi fundi wa mtaani. Aitwe mhandisi, hata kama ni kwa ushauri wa siku moja tu.

Upande uliojazwa nao una masharti yake. Udongo umwagwe kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa kabla ya linalofuata. Kifusi kilichomwagwa chote kwa mara moja kitaendelea kushuka kwa misimu kadhaa, na jamvi litapasuka kwenye mstari uleule ambapo ardhi ya asili inakutana na ya kujaziwa. Ikiwezekana, gari zito lilale upande uliokatwa, na pikipiki zilale upande uliojazwa.

Jamvi la kubeba magari liwe na unene wa sentimita 12 hivi, zege la uwiano wa 1:2:4, lenye wavu wa chuma ndani yake. Kwa banda la mita 6 kwa 6 hiyo ni takribani mita za ujazo 4.3 za zege, sawa na mifuko 28 hadi 30 ya saruji ya kilo 50. Fundi atakayesema mifuko 15 inatosha anapunguza unene au anapunguza saruji, na lazima aulizwe ni kipi kati ya hivyo viwili. Jamvi linyweshwe maji kwa siku 7, na magari yasipande kabla ya wiki mbili. Noah na magari mazito yangoje siku 28. Sakafu ielekee mlangoni kwa mwinamo wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na mbele ya mlango ukatwe mfereji wenye wavu wa chuma, ili maji yanayotelemka kutoka barabarani yasiingie ndani.

Paa lako, maji ya nani?

Wenye mabanda hupenda kulifikiria paa kama kitu cha kuzuia mvua. Kwa kweli paa halizuii mvua, bali huikusanya na kuimwaga mahali pamoja. Paa la mita 6 kwa 6 lina eneo la mita za mraba 36. Mvua ya milimita 50, ambayo masika huweza kuileta kwa mchana mmoja, humwaga juu yake lita 1,800. Hizo ni ndoo 90 za lita 20, zikitoka katika ukingo mmoja wa bati ndani ya saa chache.

Kamati yetu iliwahi kusuluhisha mzozo uliotokana na hesabu hiyo. Mwenye nyumba ya juu alijenga banda la vyombo vitatu, akaelekeza bati zake upande wa chini kwa kuwa ndivyo ardhi ilivyolala. Hakuweka gata. Masika ya kwanza, maji yalichimba shimo katika uwanja wa jirani wa chini. Masika ya pili, ukuta wa jiko la jirani huyo ulianza kupasuka kutoka chini kwenda juu. Wakati shauri linafika msikitini, wazee hawa wawili, waliokuwa wakikaa safu moja katika swala kwa miaka mingi, walikuwa hawajapeana mkono tangu Ramadhani.

Mwenye banda alijitetea kwamba hakuvuka mpaka, na kwamba maji ni ya Mwenyezi Mungu. La kwanza lilikuwa kweli. La pili lilikuwa kweli pia, lakini bati zilikuwa zake, na mwelekeo wa bati ulikuwa chaguo lake. Msingi wa sheria yetu katika mambo ya jirani unajulikana: haifai kudhuru, wala kulipa dhara kwa dhara. Msingi huo hauishii kwenye bikoni za kiwanja. Unafuata athari ya tendo mpaka inapofika.

Katika Musnad ya Imamu Ahmad imepokewa habari ya mfereji wa paa la nyumba ya Abbas, ami yake Mtume, uliokuwa ukidondoshea maji njia ya msikitini. Sayyidna Umar aliamuru uondolewe. Alipoambiwa kwamba Mtume mwenyewe ndiye aliyeuweka pale, alimtaka Abbas apande juu ya mgongo wake na kuurudisha mahali pake. Wasomaji wengi huikumbuka habari hii kwa unyenyekevu wa Umar, na wana haki. Tunaomba waikumbuke pia kwa jambo lililo mbele ya unyenyekevu huo: kwamba kiongozi wa umma mzima aliona maji yanayodondoka kutoka paa la mtu kuwa ni shauri linalostahili kusimamishwa njiani na kuamuliwa.

Mzozo wetu uliisha kwa njia nyepesi kuliko ulivyoanza. Mwenye banda alifunga gata urefu wote wa ukingo na kuelekeza bomba katika tangi. Yanayofurika yalipelekwa kwa mfereji wa mawe hadi mtaro wa barabara, na mfereji ulipita pembeni mwa uwanja wa jirani kwa ridhaa yake. Ukuta wa jiko ulijengwa upya kwa gharama ya mwenye banda, na vijana wa nyumba zote mbili walibeba mawe. Leo tangi hilo huosha bajaji, na katika siku ambazo maji ya bomba yamekatika, nyumba zote mbili huchota humo. Ni gata iliyopaswa kufungwa siku ya kupaua. Ingeligharimu sehemu ndogo sana ya ukuta uliojengwa upya.

Haki ya njia nayo iangaliwe. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba watu wakihitilafiana kuhusu njia, upana wake uwekwe dhiraa saba. Dhiraa moja ikikadiriwa kuwa kati ya sentimita 46 na 50, dhiraa saba ni mita 3.2 hadi 3.5, nafasi ambayo gari moja hupita kwa raha na jeneza kubebwa bila kuinamishwa. Vipo vichochoro vyetu ambavyo havifikii kipimo hicho kwa sababu kila mwenye geti amesogeza nguzo yake hatua moja nje, na kila mwenye kuinua mlango wa gari ametengeneza mteremko wa zege katikati ya njia ya watu. Geti lifunguke kwa ndani au liteleze. Mteremko wa kuingilia uanze ndani ya kiwanja chako.

Moto na hewa

Morogoro haihitaji kufundishwa petroli ni nini. Tarehe 10 Agosti 2019, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakusanyika, na mlipuko uliofuata uliondoa maisha ya watu zaidi ya 100. Wengi walizikwa katika makaburi ya Kola. Kila anayeishi mji huu ana jina analolikumbuka katika dua.

Pamoja na kumbukumbu hiyo, bado tunalala na petroli vyumbani. Vijana wengi wa bodaboda huingiza pikipiki sebuleni au hata chumba cha kulala kwa kuhofia wezi, na hofu yao ina msingi, kwa kuwa pikipiki hiyo pengine ni ya mkopo na ndiyo chakula cha nyumba. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, usionekane, hadi ukutane na mshumaa, jiko la mkaa au cheche ya swichi. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kujenga banda: kumpa kijana mahali penye kufuli imara, mnyororo uliozamishwa katika zege na taa, ili asilazimike kuchagua baina ya pikipiki yake na pumzi ya watoto wake.

Ndani ya banda kusiwekwe dumu la petroli, jiko, wala mtungi wa gesi. Betri ya bajaji inapochajiwa hutoa hewa inayoshika moto, kwa hiyo ichajiwe penye upepo. Nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba, na soketi ziwekwe juu, kimo cha kifua cha mtu mzima, kwa sababu hiyohiyo ya mvuke kutambaa chini. Kizimamoto cha unga mkavu kitundikwe karibu na mlango wa kutokea, wala kisiwekwe nyuma ya gari. Petroli inayowaka isimwagiwe maji, kwani huelea juu yake na kusambaa. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, na iandikwe ukutani kwa rangi.

Adui wa pili hana rangi wala harufu. Injini inayounguruma mahali palipofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Aliyeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husikia kichefuchefu na usingizi, na aliyelala huenda asiamke. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa hiyohiyo. Kwa hiyo injini isiwashwe na kuachwa ikiunguruma ndani ya banda, hata kama geti li wazi. Itolewe nje kwanza.

Banda likiungana na nyumba, kuna kasoro moja ya ujenzi inayopatikana katika nyumba nyingi, nayo haionekani kwa macho ya mgeni. Ukuta kati ya banda na chumba cha kulala huishia kwenye dari, na juu ya dari paa ni moja. Moshi, mvuke na moto hupita juu kwa juu hadi kitandani mwa mtoto. Ukuta huo upandishwe hadi kugusa bati, na usiachwe na tundu la hewa linalotazama banda. Banda lenyewe lipewe matundu yake, mengine karibu na sakafu na mengine karibu na paa, yakitazama nje.

Aliyoyafundisha Mtume (S.A.W.) kuhusu kuzima moto kabla ya kulala, na kuhusu kumfunga ngamia kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu, hayakushuka kwa ajili ya taa za mafuta na ngamia peke yake.

Watoto nyuma ya gari

Mtoto wa miaka miwili aliyesimama nyuma ya Noah haonekani katika kioo chochote. Na watoto hukimbilia gari la baba linapowashwa, kwa kuwa wanataka kuaga. Ua wa kuchezea na njia ya magari vitenganishwe kwa ukuta mfupi, uzio au hata ua wa michongoma, na kilango chake kiwe na komeo la juu. Vyombo viingie kinyumenyume jioni, wakati dereva ana haraka ndogo na mtu mzima yupo wa kumwongoza, ili asubuhi vitoke vikitazama mbele. Na kabla ya kuketi kwenye usukani, dereva alizunguke gari lake kwa miguu mara moja. Kitendo hiki huchukua sekunde 15.

Banda la nani?

Jambo la mwisho halihusu saruji. Mabanda mengi ya hapa kwetu hujengwa na mtoto mmoja mwenye uwezo, katika uwanja wa baba au wa ukoo wa mama, kwa ridhaa ya mdomo. Miaka hupita. Baba anafariki, mirathi inafunguliwa, na inaibuka hoja ambayo hakuna aliyeiandika: je, ardhi ile alipewa kuwa zawadi, aliazimwa, au walishirikiana? Aliyejenga anasema banda ni jasho lake. Ndugu wanasema ardhi ni ya marehemu na kila mrithi ana fungu. Wote wanasema kweli, na wote wanaondoka msikitini wakiwa na uchungu.

Qur'an Tukufu, katika Suratul Baqara, imetuamuru kuandika madeni na kuweka mashahidi, na hekima hiyo inafika mpaka hapa. Kabla ya msingi kuchimbwa, iandikwe karatasi moja: ardhi ni ya nani, imetolewa kwa masharti gani, nani ametoa kiasi gani, vyombo vya nani vitalala humo, na ikitokea mgawanyo, mjenzi atafidiwaje. Wasaini wahusika na mashahidi wawili. Mzee akiwa hai, swali hili si utovu wa adabu. Akishakufa ndipo linapokuwa ugomvi.

Kibali na awamu

Banda ni jengo, na jengo mjini linahitaji kibali cha ujenzi kutoka Manispaa. Mwenye kiwanja aanze kwa kuonana na serikali ya mtaa, athibitishe bikoni zake, kisha apeleke mchoro. Waliopakana na vijito vinavyoshuka mlimani wafahamu kwamba kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kijito kinachoonekana kama mfereji mwezi Septemba huwa na sura nyingine mwezi Aprili.

Asiye na uwezo wa kumaliza kwa mkupuo ajenge kwa awamu, akitanguliza yale yasiyorekebishika baadaye: kwanza ukuta wa mawe na mifereji, pili jamvi, tatu nguzo, paa na gata kwa pamoja, na kuta za pembeni mwisho. Paa lililo wazi pembeni liwe na kenchi zilizofungwa kwenye nguzo kwa mikanda ya chuma, kwa sababu upepo huingia chini yake na kuliinua. Kazi ya udongo ifanyike kiangazi, kati ya Juni na Septemba, na isiachwe nusu vuli inapokaribia. Rangi na marumaru vinaweza kungoja miaka.

Na kabla ya yote hayo, mjenzi amwendee jirani wa chini na wa juu, amwoneshe mstari wa chokaa, amweleze maji yatapita wapi, amsikilize. Ziara hiyo haina gharama. Jirani aliyeulizwa mapema huja siku ya kumwaga zege akiwa na koleo lake mkononi.

Wabillahi tawfiq.